Nje ya Nyumba ya Bi Thuwaiba

Mirembe alirudi kutoka dukani na mkate mkononi, akakuta geti limefungwa. Sanduku lake lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani. Alibonyeza kengele, akasubiri, akabonyeza tena. Gari la Yaqdhan, aliyemtuma huo mkate, halikuwepo.

Kwa miaka minne alikuwa amemtunza mama yake Yaqdhan, Bi Thuwaiba, katika nyumba hii ya mtaa wa Ansab. Alimwogesha, alimlisha, alimshika mkono siku alipokata roho. Matanga yalikuwa yamemalizika juzi tu. Kibali cha Mirembe cha kukaa nchini kilikuwa kwa jina la Yaqdhan, na hapa Maskati hakuwa na pengine pa kulala.

Alimpigia Erukana, Mganda mwenzake anayefanya kazi gereji kule Wadi Kabir.

“Usije huku kwanza,” Erukana alimwambia. “Kuna mama mmoja alimsaidia yule Mganda mwenzetu, Nabukalu, alipofukuzwa na mwajiri wake. Nakutumia namba yake sasa hivi.”

Mama huyo aliitwa Mahbuba. Hakuwa wakili. Alikuwa amestaafu wizarani, na siku hizi aliwasindikiza wanawake waliofukuzwa, akiwasemea kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha kwao Unguja, popote walipoogopa kusema wenyewe.

“Uko wapi?” aliuliza.

“Nje ya geti, madam.”

“Nisikilize, mwanangu. Usiondoke hapo. Ukiondoka, anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na ukishaitwa mtoro hakuna atakayekupa kazi wala pa kulala. Nnakuja.”

Mirembe alikaa juu ya sanduku. Kivuli cha ukuta kilikuwa chembamba, na kilizidi kupungua. Kila gari lililoingia mtaani lilimshtua. Jirani wa ng’ambo alifungua pazia, akamtazama, akalifunga. Aliwaza: kama Yaqdhan ameshakwenda polisi, je? Kama wanakuja sasa hivi, atasema nini, na kwa lugha gani?

Gari jeupe lilipunguza mwendo, likasimama mbele yake. Dereva aliteremsha kioo. Alikuwa ni wa teksi tu, akitafuta abiria wa kuelekea Wadi Kabir.

“Wadi Kabir?” aliuliza. “Panda, jua kali hili.”

Ndani kulikuwa na ubaridi. Mirembe alishika mpini wa sanduku, akainuka, akatazama geti, kisha akakaa tena. Akatikisa kichwa. Teksi ilipokata kona alitaka kulia, kwa sababu hakujua kama amefanya la akili au la kipumbavu.

Mahbuba alipofika, hakukimbilia kengele. Alimpa maji, akasimama naye ukutani.

“Kabla sijazungumza na mtu, niambie wewe mwenyewe. Unataka nini? Wengine wanataka kurudi kwao, nami nawasaidia warudi.”

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mirembe alifikiri.

“Sitaki kurudi sasa. Nataka aniache nihamie kwa mwajiri mwingine. Na leo nataka nilale ndani.”

“Haya. Hayo ndiyo nitakayoyasema.”

Alimpigia simu Yaqdhan. Walingoja muda mrefu kabla gari lake halijatokea. Alishuka akiwa amevaa miwani ya jua, akamsalimu Mahbuba kwa heshima, na hakumtazama Mirembe.

“Bi Mahbuba, haya ni mambo ya nyumbani kwetu. Mama hayupo tena, kazi imekwisha. Nyumba naifunga.”

“Nyumba yako, ifunge utakapo. Lakini mtu huyu yuko hapa kwa jina lako. Ukimwacha barabarani, wewe ndiye uliyemtupa. Na ukenda kusema katoroka, mimi ntasema nimemkuta mlangoni kwako.”

Mirembe aliona taya la Yaqdhan likikakamaa na akaona yote yamekwisha.

“Yeye alikuwepo Mama alipofariki,” Yaqdhan alisema polepole. “Mimi nilikuwa Dubai. Kila nikimwona, nnaona yale niliyoyakosa. Siwezi kukaa naye nyumba moja.”

“Si lazima ukae naye,” Mahbuba alisema. “Akae chumbani kwake mpaka apate kazi nyingine. Wewe muidhinishie uhamisho tu.”

Sauti ya Mirembe ilitoka kabla hajajizuia. “Hakuteseka, baba. Alikuita mara moja, halafu akalala.”

Mahbuba alimgusa bega, lakini hakumkatiza. Yaqdhan alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua geti, akaliingiza sanduku mwenyewe hadi uani, kisha akamwachia Mirembe ufunguo, akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Nyumba tupu ilimwogopesha, na kila mlio wa gari nje ulimfanya asimame. Mahbuba alipita kila asubuhi, na mara mbili alimsindikiza Yaqdhan kwenye ofisi ya vibali, maana mara ya kwanza alighairi mlangoni. Mara ya pili aliidhinisha uhamisho.

Mirembe sasa anamtunza mzee mmoja huko Sibu, kando ya Maskati, kwenye nyumba yenye watu wengi na kelele. Wanamtendea vyema. Hata hivyo wakimtuma dukani huenda haraka, na akirudi, huanza kutazama geti tangu mbali.