Siku Radhamés Burgos Alipocheza

Katika ligi yetu ya besiboli hapa Dominikana, mrushaji hashiki gongo. Kazi yake ni kurusha tu. Kwa hiyo Radhamés Burgos akimtwanga mtu mpira wa mbavu kwa makusudi, kisasi hakimfikii yeye. Kinanifikia mimi, mdakaji wake, nikienda kupiga. Misimu saba nimebeba hasira zake mgongoni.

Jumapili ile alasiri tulikuwa mbele, pointi tatu bila, hadi kijana wa timu pinzani, Anyelo Marmolejos, alipouchapa mpira ukavuka ukuta na kuangukia kwa muuza nguruwe wa kukaanga. Akausindikiza kwa macho. Akalirusha gongo juu likazunguka kama feni, kisha akavizunguka vituo vyote vinne kwa mwendo wa bwana harusi, akitikisa mabega kila ngoma ya jukwaani ilipolia. Hata mashabiki wetu walicheka.

Radhamés hakucheka. Ana miaka thelathini na tisa, na alifundishwa mchezo na watu walioona kutabasamu uwanjani ni utovu wa adabu.

Nikamfuata pale anaporushia. "Kaka, mwache. Kafurahi tu."

"Akafurahie kwao."

"Wewe unamchapa, halafu nachapwa mimi."

"Una mgongo mpana wewe," akasema, akaninyang'anya mpira.

Anyelo aliporudi kupiga, nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake. Nikamnong'oneza, "Dogo, jikaze."

"Najua. Mama yupo jukwaani, nimeshamwambia asiogope."

Mpira wa kwanza ukampata pajani, kishindo kama mtu kapigwa kofi. Mabenchi yote mawili yakamiminika uwanjani, watu wakakunjana fulana na kutukaniana mama. Mwamuzi akamwonya Radhamés: mwingine kama huo, unatoka.

Aliyepigwa hupewa kituo cha kwanza bure. Anyelo hakwenda. Aliuokota mpira, akaupangusa kwenye suruali, akachechemea hadi kwa Radhamés. Nikakimbia nikajiweka kati yao, maana kazi yangu ndiyo hiyo pia.

"Shikamoo mzee," akasema kijana, akiutoa mpira kwa mikono miwili. "Umeangusha kitu chako."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Radhamés akautazama mpira, akamtazama kijana. Nikaona shavu lake moja likichezacheza.

"Marahaba," akasema, akaupokea. "Haya, nenda kabla sijaghairi."

Zamu yetu ilipofika, nikaenda kupiga huku nimeshajigeuza kumpa mrushaji wao mgongo, yaishe. Alikuwa amekunja uso kwelikweli. Anyelo akampigia kelele kutoka nyuma yake: "Mwache baba wa watu, hana kosa huyo!" Mpira ukapita katikati, laini, wa kupigwa hata na bibi yangu. Kwa mshangao, sikuupiga.

Zamu ya mwisho tulikuwa tumebaki mbele kwa pointi moja tu, na aliyesimama na gongo, tukibakiza kumtoa mtu mmoja, alikuwa Anyelo. Akakosa mara moja. Akakosa tena; ya tatu angetoka. Nikamwonyesha Radhamés kwa kidole ishara ya mpira wa polepole, ule unaozama ukifika. Anyelo akazungusha gongo kwa nguvu zote, akapiga upepo, akaangukia goti. Tumeshinda.

Radhamés akarusha glovu yake juu. Kisha akaanza kutikisa mabega, vibaya sana, kama mtu aliyeingiwa na nyuki shatini. Mpiga ngoma wa jukwaani akamfuata kwa mdundo hapohapo. Mimi nilibaki na barakoa yangu ya kudakia mkononi, sijui nicheke au nimwite daktari.

Anyelo, bado goti chini, akampigia makofi. "Legeza shingo, mzee. Si hivyo." Akainuka, akaenda kumwonyesha. Wakacheza wote wawili, mmoja akichechemea, mwamuzi akiwatazama mikono kiunoni.

Mireya, mke wa Radhamés, alimngoja langoni. "Kwenye harusi yetu uliniambia huchezi, kiuno kinauma."

"Kilikuwa kinauma."

"Miaka kumi na minane?" Akamshika mkono akamrudisha ndani, ngoma ilikuwa bado inalia.

Msimu ule Radhamés alimpiga mtu mmoja tu tena, akaapa kwamba mpira ulimponyoka. Nilimwamini nusu.