Muhuri wa Bluu wa Oswald

Mama Happiness alitoka Mwamgongo kwa boti, akashuka Kibirizi na kuja moja kwa moja dukani kwetu, bahasha kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata majibu ya binti yangu."

Mwezi uliopita tulimwombea Happiness nafasi ya chuo cha uuguzi. Nikaingiza namba yake ya mtihani kwenye kompyuta. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kisha likaja jibu: Hakuna ombi lenye namba hii.

"Tulituma," alisema Oswald, mwenye steshenari, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya dagaa. "Karatasi si anayo?"

Anayo. Imechapwa vizuri, na juu yake muhuri wa bluu wa duka: IMETUMWA. Hapo nikaikumbuka siku ile. Mtandao ulikuwa umekatika. Fomu ilishafunguka tangu asubuhi, ikabaki kwenye kioo cha kompyuta. Oswald akaijaza, akaichapa, akaniambia gonga muhuri, watu wa huku bila muhuri hawaondoki.

Kujaza fomu kwenye kioo chetu, eti ndiyo kutuma! Mashine yetu kazi yake ni kuomba tu. Anayepokea na kutunza ni seva, kompyuta ya chuo iliyoko mbali huko, na isipokurudishia namba ya ombi, ujue hakuna kilichofika. Nimemweleza mara ngapi huyu mtu? Hunijibu kwa kucheua. Siku ile nilimwona anabonyeza kibodi kwa vidole vya mafuta ya dagaa, nikatamani kutapika.

"Basi tutume sasa hivi," alisema Mama Happiness.

Nikajaza upya, nikabonyeza. Safari hii seva ilijibu upesi: Maombi yalifungwa Ijumaa. Mpaka mwakani.

Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaichomoa karatasi yake na kuweka kidole juu ya ile bluu.

"Lakini muhuri huu hapa, mwanangu. Si uliugonga wewe?"

Ni mimi. Nilijua kabisa mtandao haupo, na nikagonga. Mwezi mzima nimekuwa nikimwonea Oswald kinyaa, na mkono ulikuwa wangu.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Haikufika popote."

Hakunigombeza. Aliipangusa ile karatasi kwa upindo wa kanga, akairudisha kwenye bahasha taratibu, isije ikachafuka.