Kisu cha Jamaldini

Kwa miaka ishirini na moja, mbuzi wetu wa Krismasi alichinjwa na Jamaldini. Mimi na mke wangu Ruthu ni Wakristo. Yeye na mkewe Sabiha ni Waislamu. Tulijuana mwaka 1972, tulipopanga vyumba vilivyotazamana mjini Dodoma, na mwaka huohuo tukakubaliana kwamba akichinja yeye, sote wanne tutakula sinia moja. Hata nilipohamia Makutupora kulima zabibu, alikuja kila Krismasi na kisu chake, kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kaki. Alikuwa fundi cherehani.

Mwaka 1993 ulikuwa mgumu kwake. Mitumba ilijaa sokoni, watu wakaacha kushonesha, na mwezi wa sita kiharusi kikampooza mkono wa kulia. Nilimwona akishindwa kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe.

Nilifikiri sana juu ya Krismasi. Sikutaka asimame mbele yetu na kisu kinachotetemeka. Kwa hiyo siku ya mkesha nilikwenda mjini, nikanunua kilo tatu za nyama kwenye bucha ya Mustapha, Mwislamu mwenzake. Mbuzi nikamwacha zizini.

"Ungemwuliza kwanza," Ruthu aliniambia.

Nikamjibu kwamba kumwuliza ndiko kungemwaibisha.

Kesho yake walifika saa tano. Jamaldini alinusa, akatazama jikoni, kisha akatazama zizi.

"Naona mmeshapika."

"Nyama ya kwa Mustapha," nikasema. "Halali kabisa."

"Sijauliza hilo, Luka."

Akakaa, mfuko wake wenye kisu mapajani. Sinia ilipoletwa alisema ameshiba. Sikuwahi kumsikia akisema ameshiba nyumbani kwangu.

Sabiha akanifuata uani. "Shemeji, amekinoa kile kisu wiki tatu, kwa mkono wa kushoto. Amejikata mara mbili. Sasa anaona hamumhitaji tena."

Mitumba ilikuwa imeshamnyang'anya cherehani. Kazi moja tu ilikuwa imembakia, nami nikaipeleka buchani.

Nikamtoa mbuzi zizini, nikamlaza penye kivuli cha ukuta, uso ukielekea kibla, nikashika miguu kama kila mwaka.

"Baba Shamila," nikamwita kwa jina la bintiye. "Nakusubiri wewe."

Alitoka taratibu. Akafungua kitambaa, akashika kisu kwa mkono wa kushoto. Mkono ukatetemeka. Aliutazama muda mrefu. Mnyama hatakiwi kuteswa, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Nilidhani atarudi ndani achukue mfuko wake, waondoke.

"Mama Shamila," akasema, "njoo uchinje."

"Mimi? Tangu lini?"

"Dini haikukatazi. Ulikuwa huchinji kwa sababu nilikuwepo mimi."

"Na bado upo."

"Basi nitakaa hapahapa."

Ruthu alikuwa ameegemea mlango. "Shemeji, sema tu umechoka kuchafua kanzu."

Jamaldini akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akapiga magoti kando ya mkewe, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kukata. Sabiha akasoma bismillahi, akakata. Kisu kilikuwa kikali ajabu.

Tulikula saa kumi, nyama zote mbili kwenye sinia moja. Nilimchambulia Jamaldini minofu nikaisogeza upande wake, naye hakukataa. Akaonja na ile ya buchani.

"Ngumu," akasema. "Huyu Mustapha amechinja babu wa mbuzi."

Kabla hawajaondoka alikifuta kisu, akakifunga kwenye kitambaa chake. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia.

"Mwakani uniulize, Luka."

"Nitakuuliza."

"Mniulize mimi," Sabiha akasema, akivaa viatu. "Mchinjaji sasa ni nani?"