Niazime Mgongo

Mnyoosha migongo alinawa mikono kwa maji ya moto, akaifuta, akamwambia mshonaji alale kifudifudi kwenye kile kitanda chenye tundu la kuwekea uso. Mshonaji alipanga viatu vyake chini ya kiti, akalala. Kiuno kilikuwa kimemkaba tangu msiba wa baba yake.

Mnyooshaji alianzia miguuni, kama kawaida yake. Aliminya nyayo, akavuta vidole, akaguna.

"Mguu wa kulia umelala. Unakanyaga cherehani?"

"Tangu usichana wangu."

"Basi miguu ni yako." Akapanda juu, akapitisha kidole gumba kwenye uti wa mgongo, pingili baada ya pingili. Akarudia. "Lakini mgongo huu, mama, si wako."

"Ni wa nani?"

"Mshonaji hupinda kwenda mbele. Huu umepinda kushoto, ni wa mtu wa mizigo ya begani. Na hiki kinundu nakijua. Nilimkanda binti mmoja wa makreti ya soda, nikamwambia mgongo wake umekwisha, akatafute mwingine. Mimi nilikuwa natania."

Mshonaji alivaa viatu vyake. Hakuuliza zaidi, maana binti wa makreti alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

Siku ya kumzika baba yao walikalia mabenchi yasiyo na egemeo. Mdogo mtu alikaa nyuma yake, akasema kwa sauti, watu wakisikia, "Dada, niazime mgongo." Ndivyo walivyoambiana tangu utotoni, mmoja akichoka na kutaka kumwegemea mwenzake. Naye akajibu kama siku zote, "Chukua tu." Kesho yake yeye aliamka ameinama, na mdogo wake akaamka amenyooka. Majirani walisema msiba umemkomaza yule mtoto.

Alikwenda nyumbani kwa mama yake moja kwa moja. Mama alikuwa uani anaanua nguo, na mdogo mtu amekaa kwenye kigoda, wima, anapaka kucha rangi.

"Nimefuata mgongo wangu," alisema mshonaji.

Mdogo mtu hakujifanya hajui. "Si ulisema chukua, dada?"

"Wewe ulisema niazime."

"Nilisema. Siku ya kurudisha hatukuitaja."

"Na makreti bado unabeba?"

"Niliacha! Mgongo mzuri hivi niuharibu kwenye makreti? Ungenisamehe kweli?"

"Ungeniambia pembeni, tukaelewana."

"Mama ndiye aliyesema nikuombe mbele za watu, usije ukaniita mwizi."

Mshonaji akamgeukia mama yake. Mama alikuwa anahangaika na shuka kubwa, anatafuta pembe.

"Wewe kazi yako ya kukaa, mwanangu," alisema mama. "Tena mume umeshapata. Mwenzio nani angemposa na kile kinundu?"

"Mama, mimi kinaniuma."

"Ndiyo maana kuna wanyooshaji. Hebu nishikie pembe ile."

Mshonaji alishika pembe. Wakakunja shuka pamoja, wakikutana katikati na kuachana, mpaka likawa dogo la kutosha kuingia kapuni.

Mnyooshaji aliendelea kumkanda. Alimfundisha asikae muda mrefu bila kuinuka, abadili viatu vilivyolika kisigino upande mmoja, na kila akimwona mlangoni alimuuliza, "Mgeni wetu hajambo?" Mshonaji alijibu kwamba kalala vibaya, au leo ana nafuu.

Mdogo mtu alipochumbiwa, alikuja na kitambaa chake kwenye chumba cha kushonea. Alitaka gauni la harusi, la mgongo wazi.

"Wazi mpaka wapi?"

"Mpaka kiunoni. Nani atanishonea kama wewe, dada?"

Akavua blauzi, akageuka. Chini ya bega la kushoto palikuwa na lile baka dogo jeusi ambalo mume wa mshonaji alizoea kuweka kidole juu yake ili apate usingizi. Siku hizi alikuwa akipapasa, hapati kitu, anageukia ukutani.

Mshonaji alilitazama kwa muda. Tepu ilibaki shingoni mwake. Vipimo vya mgongo ule alikuwa navyo kichwani. Akachora kwa chaki, akakata, akaanza kubana kitambaa kwa pini.

"Nyooka," alisema, pini nyingine zikiwa mdomoni.

Mdogo wake akanyooka, bila shida yoyote.