Debe la Bidii

Usiku wa jana niliota nikiwa na hasira zangu zote, maana nilikuwa nimelala nazo. Jioni nilikuwa nimetia sahihi fomu ya shule inayomrudisha binti yangu Zamda darasa la kwanza kwa mara ya tatu. Ana miaka tisa. Kwenye ripoti mwalimu mkuu ameandika maneno yake ya kila muhula: "Aongeze bidii." Nikamwita mtoto mvivu. Alipotaka kuniambia tena kwamba herufi hazitulii, nikamwambia anyamaze.

Katika ndoto niko kwenye foleni shuleni. Wazazi tumeagizwa tulete bidii, debe moja kwa kila mtoto, kama tunavyoleta mahindi ya uji. Bidii ina rangi ya pumba na haina harufu. Debe langu nimelifunika kanga ya mke wangu.

Anayepokea ni mwalimu mkuu. Badala ya kichwa ana muhuri, na kila akimaliza kusema anainama na kugonga meza.

"Baba Zamda, weka kwenye mzani."

Naweka. Mzani unaguna. Ni ule wa mashine ya kusaga, na kweli sasa tuko mashineni, tumejaa unga mpaka kwenye kope.

"Hii yote ya mtoto mmoja?" mzani unauliza.

"Mmoja."

"Kilo tisini na mbili. Waliotangulia walikuwa na nne nne. Kwani anafanya nini huyo mtoto?"

"Anasoma mstari mmoja. Anaanza magharibi, mpaka chakula kinapoa."

Najisikia nikisema hivyo na uso unaniwaka. Nimemwona kila jioni kwa miaka mitatu.

"Mzani mbovu," anasema mwalimu mkuu, anagonga. "Aongeze bidii."

"Aiweke wapi? Debe limejaa."

"Aongeze."

Hapo damu inanichemka. "Mwalimu, nimeshona sare za shule hii miaka kumi na moja. Akija mtoto bega moja limeshuka, simwambii aongeze bega. Nampima, nakata shati limfuate yeye. Wewe umempima Zamda lini?"

"Watoto wote shati moja," anajibu. "Kaa. Soma ubao."

Nimekaa kwenye dawati la Zamda, magoti yamenifika kidevuni. Ubaoni kuna mstari mmoja tu. Naanza kusoma, na herufi ya kwanza inanipa mgongo. Ya pili inakaa chini. Nyingine zinajipanga na kutoka dirishani, bila haraka, kama watu wanaotoka msikitini.

"Mnakwenda wapi?" naziuliza.

"Kutembea," inasema b iliyobaki nyuma. "Ukituita moja moja, kwa upole, tunarudi. Ukitufokea, ndiyo hivyo. Binti yako anatujua. Anatushika kwa kidole."

"Mbona hasomi, basi?"

"Kidole kimepigwa marufuku."

Nanyosha kidole changu ubaoni. Rula inakuja yenyewe kutoka mezani na kunichapa mara tatu. "Kidole ni cha chekechea," inasema. Watoto hawacheki wala hawageuki. Wamezoea, na hilo linaniudhi kuliko rula.

Nasimama na dawati limenikwama kiunoni. "Basi harudi darasa la kwanza. Nimekataa."

"Ulishakubali." Mwalimu mkuu anaifungua ile fomu. "Sahihi yako si hii?"

Naitazama sahihi yangu. Na yenyewe inanitazama, imejaa aibu.

"Mimi nilikalishwa hapa kwa hasira," inamwambia mwalimu mkuu. Inakusanya mkia wake, inashuka mezani, inazifuata herufi dirishani. Mwalimu mkuu anainama kuigonga, anaikosa, anagonga tena, anagonga, anagonga.

Niliamka. Aliyekuwa akigonga ni mke wangu, anaponda tangawizi jikoni.

Fomu ilikuwa juu ya cherehani, chini ya mkasi, nilipoiacha. Muhuri ulikuwepo. "Aongeze bidii" ilikuwepo. Mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa peupe. Niliiinua kwenye mwanga, nikaigeuza nyuma. Hapakuwa na hata mkwaruzo wa kalamu.

Zamda aliingia na sare yake. Nikampa ile karatasi.

"Jana si niliandika jina langu hapa?"

"Uliandika, baba. Nilikuona."

Alipitisha kidole kwenye mstari mtupu, polepole, kisha akakirudisha haraka nyuma ya mgongo. Hakushangaa hata kidogo.

"Limeondoka," alisema. "Si nilikwambia maneno huwa yanaondoka?"

Ameniambia tangu ana miaka sita.

"Vaa viatu," nilisema. "Leo tunakwenda wote shuleni. Na hicho kidole usikifiche."