Hajibu Mtu Mpaka Tuzime

Mimi ni mtu wa kujibu. Wanaonijua hawabishani na hilo, na wanaobisha nawajibu. Sasa fikiria adhabu ninayoipata kila Idi ya Hajj, siku ya pili, pale familia ya mume wangu inapokaa sebuleni kurekodi shukrani, na sheria ya nyumba inasema chombo kikishawashwa, kila mtu anasema lake na wengine wote wanafunga midomo mpaka kizimwe.

Sheria hiyo aliileta mama mkwe wangu, Bi Balqis. Alipohamia Maskati kutoka Unguja, dada yake alibaki kule, na kila Idi Bi Balqis alikuwa akimpelekea kaseti kwa mkono wa msafiri. Nyumba nzima ilikaa kuizunguka redio, kila mmoja akataja neema moja ya mwaka ule ili dada naye afurahi. Kaseti ya kwanza ilijibiwa kwa malalamiko: "Nimesikia mnada wa samaki, shukrani sijazisikia." Ndipo Bi Balqis akaamua kwamba wataongea mmoja mmoja, na hajibu mtu. Yeye anafungua, wanafuata wadogo kwenda kwa wakubwa, na mwenye nyumba, yaani mimi, anafunga. Dada yake alishafariki zamani, Mungu amrehemu, na kaseti zimekuwa simu, lakini ile sheria haijaguswa. Mimi nimeishi nayo miaka thelathini na bado inaniwasha.

Mwaka huu tulikuwa na wageni. Binti yangu mkubwa, Rawan, aliposwa mwezi wa Rajabu na kijana mmoja mhandisi anayeitwa Hatem, na akdi ya ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa ya pili baada ya Idi. Kwa hiyo Hatem na mama yake, Bi Manal, walialikwa nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini. Hawakuja mikono mitupu. Hatem alikwenda Qurayyat alfajiri kwa ami yake, wakaifukua shuwa iliyokuwa imeokwa shimoni tangu jana yake, akatuletea sufuria zima, nyama laini inayoachana na mfupa ukiitazama tu. Kijana mwenyewe mpole, anasalimia mpaka paka. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Lakini raha sikuwa nayo. Tangu Rajabu hiyo hiyo, Rawan alikuwa anakonda. Sahani inakwenda imejaa na inarudi imejaa. Nilimpeleka kwa daktari akapimwa damu, tezi, sukari, tumbo, kila kitu, akaambiwa mzima. Nikamwita mwalimu akamsomea Kurani, akasema haoni jambo. Mwenyewe ukimuuliza, anasema kachoka na kazi. Marehemu mdogo wangu alianza hivyo hivyo, nguo zikimpwaya na kipimo hakioni kitu, na alitutoka ana miaka thelathini na moja. Kwa hiyo kila nilipomwona Rawan anapita na kanzu yake imemning'inia mabegani, nilimwona mdogo wangu. Nilikuwa naomba dua moja tu miezi yote hiyo, kwamba mwanangu asiwe na maradhi ambayo hawajayaona.

Basi tukala, yaani sisi tulikula, Rawan alisukuma wali huku na huku. Baada ya kahawa, mume wangu Saeed akaiweka simu yake juu ya meza, katikati ya halwa na mafinjani. Akamweleza Bi Manal taratibu zetu. Bi Manal akacheka, akasema jambo zuri hilo, na kwao wataliiga. Saeed akabonyeza.

"Bismillahi," alianza Bi Balqis. "Mie nnamshukuru Mungu kwa macho yangu. Wamenitoa mtoto wa jicho, na sasa nnaona vizuri nani ananimalizia halwa yangu."

Shahad, binti yetu mdogo, wa miaka kumi na sita, akarudisha mkono wake kutoka kwenye halwa. Yeye alishukuru kwamba amefaulu hisabati, na kwamba Baba hakupata kujua alipata ngapi mara ya kwanza. Saeed alifungua mdomo. Bi Balqis akanyanyua kidole chake kimoja, na mwanawe, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, akaufunga.

Ikawa zamu ya Rawan. Alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

"Nnamshukuru Mungu kwamba akdi bado haijafungwa," alisema.

Nilidhani amekosea kupanga maneno. Akaendelea.

"Hatem, nisamehe. We mtu mzuri, na ndiyo maana nimeshindwa kusema. Hujanikosea hata siku moja. Lakini kila ukinipigia simu, mie nnafurahi ikikatika. Nimengoja nikuzoee, wallahi nimengoja, na sijaweza. Sitaki kuolewa. Nimelisema hapa kwa sababu hapa ndipo pahala peke yake ambapo Mama hawezi kunikatiza. Alhamdulillahi. Nimemaliza."

Bi Manal alikuwa na finjani hewani, halipandi wala halishuki. Mimi nilikwisha vuta pumzi. Nilikuwa na maneno kumi tayari, yamepangana mlangoni: aibu, watu watasemaje, kadi zimekwisha gawiwa, umelogwa? Bi Balqis akanyanyua kile kidole, na safari hii alikielekeza kwangu. Nikayameza maneno yangu moja moja, na sijui kama umewahi kumeza hasira nzima bila maji, lakini inakwenda chini polepole.

Na ilipokuwa inakwenda chini, ndipo nilipoelewa alichosema mwanangu. Haumwi. Hana uvimbe, hana damu mbovu, hana kile kilichomchukua mdogo wangu. Anakonda kwa sababu hataki kuolewa na kijana wa watu. Mbele ya mkwe tuliyekuwa tumemwaibisha, mimi nilikuwa nataka kucheka.

Halafu nikakumbuka jambo, na kicheko kikaondoka. Mwezi wa Shaabani tulikwenda kuchukua gari gereji, Wadi Kabir, mimi na yeye. Wakati wa kurudi aliniuliza, "Mama, hivi mtu akiona hawezi, afanyeje?" Nikamwambia kila bi harusi anaogopa, nikamsimulia woga wangu mimi, na mavazi yangu mimi, na jinsi nilivyomzoea baba yake. Nilizungumza kutoka Wadi Kabir mpaka mlangoni kwetu. Aliposhuka garini alisema, "Ahsante, Mama," nami nikaona nimemaliza kazi. Baada ya swali lile, mwenyewe alikuwa hajapata nafasi ya kuongeza hata neno.

Simu bado ilikuwa inarekodi. Zamu ilikuwa ya Hatem, na nilifikiri atanyanyuka aondoke, na nisingemlaumu. Badala yake alivuta kiti karibu na simu.

"Nnamshukuru Rawan kwa kusema," alisema. "Miezi mitano nnajiuliza nimekosea nini. Nilibadilisha mpaka saa za kupiga simu. Kumbe sijakosea kitu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Alhamdulillahi. Ni hilo tu."

Rawan alikuwa analia bila sauti. Shahad naye akaanza, yeye kwa sauti, na Bibi yake akampa kitambaa badala ya kidole.

Bi Manal aliliweka finjani chini kwa uangalifu mkubwa. "Nnamshukuru Mungu kwa afya," alisema, neno kwa neno, huku akinitazama mimi. Hasira yake niliisoma machoni.

Saeed alikohoa. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na yale machache huyachagua kwa hofu ya Mungu. Akasema, "Nnamshukuru Mungu kwa subira ya mke wangu Hamdiya."

Hakuna mtu katika ukoo ule, hai au maiti, aliyewahi kuniona na subira. Lilikuwa ni ombi limevaa nguo za shukrani. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshika mlango ili upepo usiuvunje, na nilimwelewa.

Nikabaki mimi. Nilikuwa nimetayarisha shukrani nzuri tangu wiki iliyopita, ndefu, ya harusi na wakwe wema na wajukuu inshallah. Sikukumbuka hata herufi moja.

"Nnamshukuru Mungu," nikasema, "kwamba mwanangu haumwi." Nikamtazama Rawan. "Nilidhani nnampoteza kama nilivyompoteza mdogo wangu. Kumbe alitaka kuniambia tangu Shaabani, garini, na mie nikamjaza maneno yangu mpaka nyumbani. Hatem, mwanangu, nisamehe. Ni mie niliyemsukuma, na niliyekwambia atakuzoea. Bi Manal, aibu hii ni yangu, si ya Rawan. Nnamshukuru Mungu amelisema leo, wala si baada ya Ijumaa ile. Nimemaliza."

Nikabonyeza, simu ikazima. Sasa kila mtu alikuwa na ruhusa ya kusema, na hakuna aliyeitumia.

Bi Manal ndiye aliyeanza. Alisimama, akatengeneza shela yake. "Hamdiya, watu wanaitana siku ya Idi wakafanyiana hivi?"

"Una haki, dada yangu," nikamwambia. "Sina la kujitetea."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita, na vita sikumpa. Macho yake yakajaa maji. "Nimeshashona nguo," alisema, na hapo nilimhurumia kwelikweli, kwa sababu na mimi nimeshona. Akambusu Bi Balqis mkono, akatafuta viatu vyake. Sikutegemea kwamba tutakuwa marafiki, na sijui kama tutakuwa.

Hatem alibaki nyuma kidogo. Saeed alitaka kumrudishia sufuria la nyama, akalikataa. "Khalti," aliniambia mlangoni, bado akiniita mama mdogo, "hiyo nyama ni ya Idi, si ya posa. Kuleni." Kisha akamtazama Rawan kwa mbali, akatikisa kichwa kumuaga, naye Rawan akamtikisia. Alishuka ngazi haraka haraka. Nilimsikia pale chini akipumua kwa nguvu, halafu akimwambia mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, aangalie asijikwae kwenye kidaraja.

Niliporudi sebuleni Rawan hakuwa ameondoka pale alipokaa. Baba yake alikuwa amemwekea mkono kichwani, na Bi Balqis alijifanya amelala, jambo analolifanya vibaya.

"Mama," Rawan aliuliza, "umekasirika?"

"Nimekasirika sana," nikamjibu. "Umemwaibisha mtoto wa watu mbele ya mama yake. Umenisubirisha miezi mitano nikikuona unakwisha. Nnakuzungusha kwa madaktari, nnakuitia mwalimu akusomee, kumbe dawa unayo mdomoni. Kesho nitakukasirikia siku nzima, jitayarishe."

"Sawa, Mama."

"Na keshokutwa."

"Sawa." Akapangusa pua kwa mkono wa kanzu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka mitano, na akaangalia lile sufuria la shuwa mezani. "Mama," alisema, "nna njaa."

Nikaenda jikoni kumchukulia sahani, na nilichelewa kurudi, kwa sababu nilikuwa nimeegemea friji nalia kwa furaha, wala sikutaka mtu aniulize kitu.