Picha za Kamera ya Pili

Mwenzangu wa mradi tulimwita Kinyonga, na si kwa ubaya. Kozi nzima ya uhifadhi hakuna aliyeweza kutembea porini taratibu kama yeye. Ila wiki ile hata jina lake lilianza kunitia wasiwasi.

Tulifunga kamera mbili kwenye miti, katika msitu wa hifadhi nyuma ya chuo, zile zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita. Ya kwanza ilituletea nguchiro, digidigi na majani yaliyotikiswa na upepo. Ya pili, karibu na bwawa, ilileta majani matupu, na namba za picha zilikuwa zimeruka.

"Nyingine ziko wapi?" nikamuuliza.

"Kadi ina matatizo."

"Kadi mpya?"

"Dada, tuandike ripoti tu, yaishe."

Tangu lini Kinyonga akaniita dada? Kila nikiingia maabara alifunga kompyuta haraka. Nikamhukumu moyoni: kamnasa mnyama adimu, anamficha ili aje ang'are peke yake, mimi nibaki na majani. Mradi ule ndio ulikuwa unatuhitimisha. Sikulaza damu, nikaenda kwa mwalimu wetu wa wanyamapori.

Alituita ofisini kwake sote wawili, pamoja na kadi ya kamera ya pili.

"Kufuta data ni kufukuzwa chuo," alisema, huku programu ikizirudisha picha moja moja kwenye skrini.

Nilikaa mkao wa kushinda. Akatokea mtu ameinama, mchana kweupe, anatega waya wa kunasia wanyama kati ya vichaka viwili. Picha iliyofuata aliinua uso. Lile koti nililifua kwa mikono yangu.

"Mnamfahamu huyu?" mwalimu aliuliza.

"Hapana," Kinyonga alijibu upesi, bila kunitazama.

Mwongo. Alishakaa naye sebuleni kwetu, wakataniana, wakaitana shemeji mpaka mama akawafukuza nje kwa kelele.

"Kama humjui, ulimfuta wa nini?"

Nilisubiri Kinyonga ajitetee, nikaomba kabisa ajitetee, na yeye akazidi kuangalia sakafu. Mwalimu akavuta simu ya mezani ampigie mkuu wa idara.

"Mwalimu, subiri," nikasema. "Huyo ni kaka yangu. Tumbo moja."